Mnaniuliza sana: mbwa niliyempelekea baba Ujiji kutoka Ujerumani

Assalaam alaykum ndugu zangu, na wasio Waislamu habari zenu. Leo sijatoka kutembea. Niko jikoni kwangu hapa Berlin, nimetoka zamu ya usiku, macho mnayaona wenyewe, lakini nimesema leo niyaongee haya mambo yaishe.

Swali ni lilelile. Mbwa wa baba ulimnunua shilingi ngapi? Tangu niweke kile kipande cha baba amesimama uani na mbwa miguuni, nikiweka video ya mapishi, swali ni mbwa. Nikiweka ya namna ya kusomea uuguzi huku, swali ni mbwa. Na wengine hawaulizi, wanahukumu. "Huyu anajionyesha." "Mbwa kapanda ndege, bibi yake hajapanda hata treni." Kuna aliyeandika kwamba nalea mbwa kwa sababu sina mtoto. Huyo sitamjibu, ila ajue nilisoma, na niliumia.

Haya, bei. Ni German Shepherd, na nilimnunua euro 1,800. Kwa hela yetu ni karibu milioni 5. Nimetaja. Sasa mnisikilize, maana hiyo ndiyo hela niliyoitoa bila kulalamika. Wanaonifuata inboksi wakitaka niwanunulie wanaijua hiyo peke yake, hawajui iliyofuata.

Baba yangu alifanya kazi reli mpaka akastaafu. Mimi huu ni mwaka wa 11 niko huku na sijawahi kumsikia akiniomba kitu. Ukimpigia anauliza umekula, kazi inakwendaje, basi. Paa la nyumba nilibadilisha baada ya kuona ndoo katikati ya sebule nikiongea naye kwa video. Yeye hakusema neno. Mwaka juzi wakaanza kumwibia chikichi kule shambani, njia ya Simbo. Wanakuja usiku na mapanga, wanakata mikungu iliyoiva, asubuhi mzee anakuta makuti chini. Kijana wa kulinda aliwekwa, akakaa miezi miwili akaondoka. Siku moja baba akanipigia yeye, jambo ambalo hafanyi. Akasema, "Mwanangu, wale mbwa wa polisi, si ndiyo asili yao huko uliko?" Akanieleza habari za mbwa mmoja aliyemwona enzi za ujana wake akiwa kazini Tabora, alivyokuwa na adabu, alivyokaa akiambiwa kaa. Nikanyamaza, maana machozi yalikuwa karibu. Mzee wa miaka 71 anaomba kitu kwa mara ya kwanza, na anakiomba kwa kuzunguka.

Mtasema mbwa wa kienyeji wapo. Wapo. Nitalirudia hilo, na mliolisema mna hoja.

Mara ya kwanza niliibiwa. Tangazo zuri, watoto sita, bei nusu ya wengine. Muuzaji akasema amehamia nchi nyingine kikazi, mbwa ataletwa na gari la kusafirisha wanyama. Nikatuma euro 350 za kumshikilia. Kesho yake ikaja barua pepe inayojiita kampuni ya usafirishaji: kreti maalumu yenye kipoza hewa, lipa 400, utarudishiwa. Hapo nikashtuka. Nikamwambia nipigie video, mshike mtoto mkononi, ulitaje jina langu. Kimya mpaka leo. Hizo 350 ni zamu zangu tatu za usiku za kugeuza wazee vitandani, na hakuna polisi aliyenirudishia hata senti.

Wa pili nilimpata Bavaria, karibu na München. Kutoka hapa ni kama kilomita 600, ndefu kuliko Kigoma kwenda Tabora. Nilikwenda mara mbili. Wenzangu kazini walinishangaa kulipa nauli ya treni kwenda kumwangalia mbwa na kurudi mikono mitupu. Lakini mtoto wa mbwa wa wiki tano hakuambii kitu, wote wanapendeza. Anayekuambia ni mama yake. Yule mama alikuja, akaninusa kiganja, akarudi kulala kwa watoto wake bila kelele. Nikajua. Ukienda kwa muuzaji ukaambiwa mama hayupo, au mama kafungiwa chumba cha nyuma, mimi ningeondoka. Wewe fanya utakavyoona.

Na karatasi. Chama cha mbwa hawa, German Shepherd, kilianzishwa huku mwaka 1899 na kina kitabu cha ukoo, kwa hiyo unapewa majina ya wazazi, mabibi na mababu. Watu wanadhani hiyo ni fahari tu. Kilichonifanya nilipe ni nyonga. Aina hii ina ugonjwa wa nyonga unaorithiwa: mfupa haukai vizuri kwenye tundu lake, mbwa bado kijana anaanza kuburuta miguu ya nyuma. Kwa hiyo wazazi hupigwa eksirei na kupewa daraja kabla ya kuruhusiwa kuzalishwa. Ile 1,800, kwa akili yangu, nilinunua picha za nyonga za baba yake na mama yake. Cheti chenyewe cha ukoo muuzaji aliniahidi ndani ya wiki tatu. Kilifika baada ya miezi minne, mbwa yuko Ujiji tayari. Nilimwandikia mara saba. Sitamtaja, lakini hela yake alitaka siku ileile.

Sasa hapa ndipo nilipopoteza fedha kwa kutojua. Nilikabidhiwa mbwa wa wiki tisa na kijitabu chenye stika za chanjo. Nikaona stika, nikasema amechanjwa. Kumbe zile ni za magonjwa mengine. Chanjo ya kichaa cha mbwa, kwa sheria za Ulaya, haihesabiki kabla mtoto hajafika wiki 12. Chipu, kile kidude cha namba kinachowekwa chini ya ngozi ya mbwa, lazima iwe imewekwa kabla ya sindano, vinginevyo ni kama hakuchanjwa. Kisha zinahesabiwa siku 21 ndipo chanjo inakuwa halali. Mimi nilikuwa nimeshaomba kibali cha kumwingiza Tanzania, kile cha Wizara ya Mifugo na Uvuvi, kwa tarehe ya mapema, na tiketi nimekata. Kibali kikaisha muda nikiwa bado nahesabu siku. Tiketi kuibadilisha, euro 180.

Basi mtoto akakaa kwangu miezi miwili. Nyumba ya kupanga, chumba kimoja na jiko. Barua kwa mwenye nyumba kuomba ruhusa. Jirani wa chini analalamika mbwa analia nikiwa kazini. Na kodi: ndiyo, mbwa analipiwa kodi, hapa Berlin euro 120 kwa mwaka kwa mbwa wa kwanza.

Nisimame hapa kidogo. Mwaka niliomaliza mafunzo yangu nilimwalika baba aje huku kunitembelea. Barua ya mwaliko, bima, taarifa za benki, karatasi zangu za mshahara, hati ya shamba, vyote. Mzee akasafiri kutoka Kigoma mpaka Dar kwa ajili ya alama za vidole tu. Akanyimwa viza. Sababu iliyoandikwa: hawakuridhika kwamba atarudi. Mtu ana michikichi yake, ana msikiti wake, ana makaburi ya wazazi wake Ujiji, hatarudi? Baba akaniambia usijali, nitaona picha. Sasa ile siku kibali cha pili cha mbwa kilipotoka, niliiweka karatasi hapa, hii meza hii, nikaiangalia muda mrefu. Msiniulize nilikuwa nafikiria nini.

Tuendelee. Kilo 16, kwa hiyo hakai na abiria, anakwenda chini. Kreti ipimwe: asimame bila kichwa kugusa juu, aweze kugeuka, aweze kulala. Dawa ya usingizi daktari alinikataza kabisa. Mbwa aliyeleweshwa hewani anaweza kushindwa kupumua na hakuna wa kumwona. Nilimzoesha kulala ndani ya kreti mwezi mzima na shati langu la kazi chini.

Tumefika Dar, mashine inasoma chipu, tarakimu 15. Cheti cha afya kina tarakimu 15. Moja haifanani. Kliniki iliyojaza cheti huku iliandika 6 pahali pa 8. Tumekaa kwa muda wa saa tano, joto lile, mtoto anahema, mimi napiga simu Ulaya wapo kwenye chakula cha mchana. Dada wa dirishani sikumlaumu, namba ni namba. Lakini jamani, kabla hamjatoka kliniki, someni ile namba kwa kidole, moja moja.

Kutoka Dar tulikwenda na Noah ya binamu yangu: Dodoma, Manyoni, Itigi, Tabora, tukalala, kisha Urambo, Kaliua, Malagarasi, Uvinza. Kipoza hewa cha gari kibovu. Tulipopita Kaliua tukafungua vioo, ndorobo, wale mbung'o wanaouma, wakaingia. Tukawapiga kwa kandambili tukaendelea. Naomba mkikumbuke hicho kitu.

Baba alitupokea barabarani. Akalizunguka kreti, akachungulia, akasema, "Huyu ni Liemba." Kwenye cheti ana jina refu la Kijerumani ambalo hakuna anayelitamka. Mnaoijua meli yetu Liemba ya Ziwa Tanganyika mnaelewa: nayo iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaja kwa makasha hadi Dar, na makasha yakaletwa Kigoma ikaunganishwa upya. Mtu wa reli hasahau mzigo.

Majirani walisema. Shangazi yangu wiki nzima hakuja nyumbani, anasema malaika hawaingii penye mbwa. Baba alikwenda kwa ustadhi wake kabla hata mbwa hajafika, hilo hamkulijua. Akaelezwa kwamba mbwa wa kulinda, wa shamba na wa mifugo ana ruhusa. Mate yake ndiyo najisi, chombo alichoramba kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Banda liko nje, bakuli lake halichanganywi na vyombo vya ndani, nguo za swala hazipiti upande ule. Kwa hiyo mnaoandika kwamba nimemtia mzee wangu kwenye dhambi, muulizeni kwanza alichofanya.

Mimi nikarudi kazini. Siku ya kumi hivi, voisi ya baba: Liemba hali. Kesho yake: amelala tu, ana joto. Siku ya tatu akanitumia picha, jicho la kushoto limeingia ukungu, bluu kama maziwa yaliyotiwa maji. Nilikuwa kwenye basi hapa, nikashuka kituo ambacho si changu. Daktari wa mifugo alidhani homa ya kupe. Alipoliona jicho akachukua damu, akaiweka kwenye darubini, akawaona. Vimelea wanaoletwa na kuumwa na ndorobo, ugonjwa uleule unaoua ng'ombe. Mbwa waliotoka nje ya nchi ndio unaowapiga vibaya, mara nyingi kwa muda mfupi tu wamekwisha. Hapo ndipo hoja yenu ya mbwa wa kienyeji inaposimama, na nawakubalia. Nyonga niliziuliza, ukoo wa vizazi niliuliza. Ndorobo sikumuuliza mtu, na mimi ni mtoto wa huko.

Dawa ni ileile ya ng'ombe, lakini kwa mbwa haina nafasi ya kukosea; ukizidisha inaharibu ubongo. Kwa hiyo lazima ujue uzito kamili. Baba akambeba mikononi mpaka kwa rafiki yake mwenye mizani ya dagaa Kibirizi, wakaisafisha, wakampima. Kilo 14 na nusu. Alikuwa ameshapungua. Akachomwa sindano. Baba alilala nje, kando ya banda, siku mbili, na kifua chake kinachomsumbua.

Amepona. Nilipojumlisha kila kitu, bila tiketi yangu mimi, pamoja na zile 350 za tapeli, ikakaribia euro 4,000. Sijivunii, na wala sisemi nimejuta. Kwa mtu mwingine hiyo ni ada za shule, na akisema hawezi kufanya hivi yuko sawa kabisa. Mimi nilikuwa na baba mmoja na ombi moja.

Mnaotaka niwatafutie watoto wa mbwa, samahanini, sitafanya. Sitapokea hela ya mtu kwa kitu chenye njia ndefu hivi. Ukiamua mwenyewe, anza kwa daktari wa mifugo wa mahali mbwa atakapoishi, muulize ni nini kinaua mbwa hapo, ndipo utafute muuzaji. Na hata hivyo haya ni yangu, wako anaweza kufika bila shida yoyote.

Baba kanitumia video jana jioni. Jicho limesafishika, kwa pembeni bado kuna ukungu kidogo, mtauona. Na sauti mnayoisikia nyuma ni ya shangazi, anauliza kama mbwa ameshakula. Naiweka hapa.