Mkongo, Maji Moto na Kikata Kucha cha Shemeji

LUSAJO: Karibuni tena. Dada Neema, kamwene! Leo tuna mambo matatu kuhusu mbegu za miti zinazochelewa kuota: ganda, udongo wa viriba, vile vifuko vya kuoteshea miche, na mninga.

NEEMA: Kamwene, kaka. Subiri, la Jumanne lazima nilitoe kwanza. Nimepita kwenye kitalu cha vijana kule Uyole, nakuta wanamwaga viriba vya mkongo, ule mti wa mbao ngumu. Wanasema mbegu zimekufa. Nikachokonoa udongo, nikatoa moja: nyeusi, inang'aa, ngumu kama kokoto. Mbegu iliyokufa ungeibonyeza ingetoa uji na harufu. Hii hata kuvimba haijavimba!

LUSAJO: Na baridi hii ya Julai.

NEEMA: Baridi inachelewesha, sikatai. Lakini hata ungeipeleka Kyela kwenye joto lote lile, maji yasipopita ganda haioti. Nikawaambia waziokote zote. Nikafungua mkoba, nikatoa kikata kucha…

LUSAJO: Kipi?

NEEMA: Kile.

LUSAJO: Cha shemeji! Wasikilizaji, shemeji alinipigia simu Jumapili: "Lusajo, muulize dada yako kikata kucha kiko wapi, nina kikao kesho."

NEEMA: Alikwenda kwenye kikao?

LUSAJO: Alikwenda na kucha zake.

NEEMA: Basi kimefanya kazi ya maana. Mbegu ya mkongo ina kofia ya rangi ya chungwa upande mmoja. Huko usiguse, kiini cha mche kiko huko. Unakata upande wa pili, kidogo tu, mpaka uone weupe. Unaloweka usiku kucha. Asubuhi unakuta imevimba.

LUSAJO: Dada, kikundi kina debe zima la mbegu. Nani akate mojamoja? Chemsha maji, ipua, mwagia, acha mpaka asubuhi. Migunga tunaifanya hivyo, lukina, ule mti wa malisho, tunaifanya hivyo, zinaota.

NEEMA: Migunga na lukina, sawa. Mkongo hapana. Mtu wa kijijini hana kipimajoto. Maji yakizidi moto umepika mbegu, na kwa macho huwezi kujua.

LUSAJO: Ukiipua na kusubiri kidogo hayapiki.

NEEMA: Kidogo kiasi gani? Mikongo yenyewe imebaki mingapi huko Chunya? Mbegu ya mti uliobaki mmoja huichezei bahati nasibu.

LUSAJO: Na mimi nasema hivi: ukimwambia mama mwenye shamba na watoto akate mbegu debe zima, hatapanda kabisa. Afadhali apoteze nyingine kwa maji moto, lakini apande.

NEEMA: Apande chache zitakazoota. Watoto watamsaidia kukata.

LUSAJO: Kwa kikata kucha cha baba yao?

NEEMA: Hata msasa unafaa! Anakwangua.

LUSAJO: Shemeji akisikia msasa atashukuru. Lakini dada, sijakubali.

NEEMA: Sikuombi ukubali. Siwezi kumfundisha mtu maji moto kwenye mkongo nikalala.

LUSAJO: Na mimi siwezi kufundisha njia ya watu wenye muda. Eeh, tumebakiza dakika mbili. Udongo hatujaugusa.

NEEMA: Udongo uache. Niseme la mninga tu, maana watu wanaing'oa miche yake. Mche wa mninga kiangazi hukauka juu, unakwenda hivyo hivyo miaka kadhaa mpaka ustawi. Chini mzizi uko hai, unajaza akiba. Mvua ikirudi unachipua. Ukiona kijiti kimekauka, acha!

LUSAJO: Na kuitoa mbegu kwenye lile tunda lenye miiba?

NEEMA: Hilo linataka kisu kikali na muda mrefu.

LUSAJO: Wengine wanapitisha moto wa nyasi juu yake…

NEEMA: Lusajo! Moto tena?

LUSAJO: Muda umekwisha. Ndaga fijo, wasikilizaji. Walioko Chunya, tutumieni ujumbe: huko mninga mnauoteshaje?