Kusoma mafaili ya maandishi kwenye terminali bila kuyaharibu

Habari zenu, karibuni. Leo tunasoma mafaili ya maandishi kwa amri, ndani ya terminali, yaani dirisha la kuandikia kompyuta amri. Tunasoma tu, hatuhariri chochote, na hiyo ndiyo sababu ya mimi kurekodi video hii.

Tazama skrini yangu. Hili faili la mazoezi linaitwa mapokezi.csv. Nimelitunga kwa mfano wa daftari la chama cha msingi cha kahawa huku kwetu Moshi: tarehe, namba ya mwanachama, kijiji, kilo. Mstari mmoja ni huu:

2024-09-03,00417,Uru,38.5

Iangalie hiyo 00417. Ukilibofya faili mara mbili litafunguka kwenye programu ya majedwali, mathalani Excel, na kwa kawaida Excel itaichukulia hiyo kuwa tarakimu tu, ikate sifuri za mbele. Ukihifadhi, basi tena. Mwanachama 00417 kageuka 417, na siku ya malipo karani anamtafuta hamwoni. Amri za leo hazigusi kitu ndani ya faili.

Natumia Ubuntu, mfumo wa Linux. Mwenye Mac, karibu zote zitakubali. Mwenye Windows, sakinisha kwanza WSL, yaani Linux inayoendeshwa ndani ya Windows, halafu urudi hapa.

Haya, bonyeza Ctrl, Alt na T kwa pamoja, terminali ifunguke. Ingia kwenye folda yenye faili kwa amri ya cd. Kisha, kabla ya kusoma chochote, uliza ukubwa:

ls -lh mapokezi.csv
wc -l mapokezi.csv

Ya kwanza inaniambia 2.3M. Ya pili inahesabu mistari: 84213. Ongeza na hii:

file mapokezi.csv

Hii inachungulia ndani na kukuambia ni faili la aina gani, haijali jina limeishia na nini. Ikikujibu kwamba ni maandishi, endelea. Ikisema ni Excel au zip, usilimwage kwenye terminali, utaona herufi za ajabu na pengine terminali yenyewe ichanganyikiwe. Ikikutokea, andika reset, ubonyeze enta, hata kama huoni unachoandika. Itatulia.

Sasa cat, amri inayomwaga faili zima kwenye skrini kwa mkupuo. Wengi wanaanzia hapa na wengine wanaishia hapa. Kwa faili la mistari kumi, cat inatosha kabisa. Kwa mistari elfu themanini na nne ni kumwaga debe zima la kahawa sakafuni ili utafute punje moja. Ukishaikosea, Ctrl na C itaikatiza.

Ukitaka kuona vichwa vya safu tu, andika head -n 3 mapokezi.csv. Ukitaka mapokezi ya mwisho kuandikwa, tail -n 20 mapokezi.csv. Usipotaja idadi, zote mbili zinatoa mistari 10. Hapo hapahitaji maneno mengi.

Tunafika kwenye less, amri ya kusoma faili ukurasa kwa ukurasa, na hapa naomba utulie nami. Andika:

less -S mapokezi.csv

Hiyo S kubwa inazuia mistari mirefu isijikunje, kwa hiyo safu zinakaa wima. Kitufe kirefu cha nafasi kinakupeleka ukurasa wa mbele, b inakurudisha nyuma. Zamani palikuwa na more peke yake, ya mwaka 1978, na kurudi nyuma ilikuwa shida. Mark Nudelman akaandika less miaka ya themanini kutatua hilo. Bonyeza G kubwa, uko mwisho wa faili. Bonyeza g ndogo, uko mwanzo. Kutoka ni q. Nimeitaja mapema makusudi, maana kuna watu hufunga dirisha zima kwa kukosa q.

Kutafuta: bonyeza mkwaju (/), andika 00417, enta. Inaruka hadi mstari wa kwanza wenye namba hiyo. n inakupeleka unaofuata, N kubwa unaotangulia. Mpaka hapo wengi wanajua. Ambalo wengi hawalijui ni hili: bonyeza alama ya &, andika Machame, enta. Umeona? Mistari yote mingine imejificha, imebaki ya Machame tu. Bonyeza & tena na enta bila kuandika kitu, yote inarudi. Kwangu hiki ndicho kipengele bora cha less.

Faida nyingine: kama faili liko kwenye seva ya mbali nawe umeingia kwa ssh, njia ya kuingia kompyuta nyingine kupitia mtandao, less inakuletea kile kinachoonekana kwenye skrini tu. Hupakui faili zima. Anayetumia bando la simu atanielewa.

Ukitaka mistari ya mwanachama mmoja bila kuingia ndani, tumia grep:

grep ',00417,' mapokezi.csv

Usiziache hizo koma. Bila koma, grep itakuletea pia mstari wowote wenye tarakimu hizo katikati ya namba ndefu zaidi.

Kuna siku faili linaonekana zima kwa macho lakini programu yako inalikataa. Jaribu hivi; alama ya | inapitisha matokeo ya head kwa cat, na -A inaonyesha vialama visivyoonekana:

head -n 3 mapokezi.csv | cat -A

Kila mwisho wa mstari utaona alama ya dola. Ukiona ^M kabla ya dola, faili limetoka Windows, na hicho kialama kisichoonekana kimejibandika kwenye safu ya kilo. Kwenye Mac andika cat -et badala yake.

La mwisho, kufuatilia faili linaloendelea kuandikwa. Kwenye Ubuntu, kwa faili la kumbukumbu za mfumo, andika:

tail -f /var/log/syslog

Sasa chomeka flashi. Ona mistari inavyoshuka yenyewe, kompyuta inaeleza imeona nini. Kumaliza ni Ctrl na C. Vidole vikiteleza ukabonyeza Ctrl na S, skrini itaganda kana kwamba mashine imekufa; bonyeza Ctrl na Q, inaendelea.

Faili la mazoezi nimeliweka kwenye maelezo chini ya video. Humo mwanachama 00932 amepimiwa kahawa mara mbili siku moja. Mtafute, kisha uniandikie kwenye maoni tarehe gani, na umetumia amri ipi.