Boksi la Mdogo Wangu Aliye Jeshini: Jibu kwa Mnaouliza Kila Siku

Haya jamani, hamjambo huko nyumbani. Leo sikupanga kurekodi. Nimetoka zamu ya usiku, macho yenyewe mnayaona, na hapa nyuma nguo sijakunja, mtanisamehe. Lakini kila nikifungua simu komenti ni ile ile. "Dada, yule mdogo wako mwanajeshi unamtumiaje mzigo?" Mwingine, "Dada, na mimi nina mtu wangu jeshini Marekani, nipe njia." Imeanzia kwenye ile video niliyokuwa nafunga boksi mezani. Mimi nilidhani ile ni video ya visheti. Hakuna hata mmoja aliyeuliza visheti.

Kabla sijajibu, niwawahi wale wa siku zote. Wapo watakaosema najionyesha, kwamba sasa mdogo wake yuko jeshi la Marekani basi hatutapumua. Wapo watakaosema nalalamika na huku niko Ohio nalala kwenye nyumba yenye hita. Yote mawili nimeshaandikiwa, tena na mtu mmoja, kwenye komenti moja. Mdogo wangu kaingia jeshini kwa sababu wanalipia chuo na karatasi za uraia zinakwenda haraka, maana fomu ya uraia kwa mwanajeshi haina ada. Ndivyo wanavyoingia vijana wengi wenye grini kadi. Si kwamba kwetu ushujaa tumerithi. Marehemu baba alikuwa fundi cherehani pale Ngamiani, Tanga, na panya akipita dukani alikuwa anapanda juu ya meza.

Na wanaouliza habari ya ule mpango wa kuandikisha watu kwa sababu ya lugha wanazojua: ndiyo, ulikuwepo, na Kiswahili kilikuwemo, lakini haupokei watu tangu 2016. Anayekuambia leo umpe laki tano akuingize humo, hela yako anaila.

Jina la mdogo wangu sitaji, na aliko sisemi. Tafadhali msianze kubahatisha nchi pale chini mkidhani mnanisaidia. Yeye mwenyewe kanikataza, na hata mimi ninachokijua ni namba ya posta tu.

Sasa hiyo namba ndiyo elimu yenyewe. Mwanajeshi wa Marekani akipelekwa nje, anwani yake haina nchi. Unaandika cheo na jina, kikosi, halafu APO, yaani posta ya jeshi, halafu AE, halafu tarakimu zinazoanza na 09. Wa majini ni FPO. Wa ubalozini ni DPO. AE ni Ulaya, Mashariki ya Kati na Afrika, vyote wamevitia kapu moja, kwa hiyo aliye Ujerumani na aliye Djibouti ukisoma bahasha zao ni majirani. Wa Pasifiki ni AP, na AA ni upande wa bara la Amerika. Posta inahesabu kama umetuma ndani ya Marekani, stempu ni ile ile ya kumwandikia mtu wa mtaa wa pili. Wao wanaufikisha mzigo kwenye kituo cha kukusanyia, kutoka hapo jeshi lina posta yake linaubeba lenyewe. Haya makampuni ya kurusha mizigo mnayoyajua anwani za APO hayafikishi, kwa hiyo msiniambie "tumia fulani, ni wa haraka."

Mimi mara ya kwanza nikajifanya mjuaji. Nikaitazama anwani, haina nchi. Nikasema huyu kasahau, tangu utotoni ni msahaulifu. Nikachukua kalamu nene, nikaandika jina la nchi niliyodhani yuko, kwa herufi kubwa, na mstari nikapiga. Sasa ukiandika nchi, mzigo unaweza kuingizwa kwenye posta ya raia ya nchi hiyo, na huko hakuna anayeijua APO. Wiki saba. Siku moja natoka kazini nalikuta boksi limekaa mlangoni kwangu, kona moja imebonyea kama limepigwa teke, na muhuri nisioweza kuusoma. Nililipa upya, sikumdai mtu, kosa langu mwenyewe.

Tukija kwenye hela, maana najua ndiyo mnayoisubiri. Boksi kubwa la bei moja unalichukua bure posta. Ujaze chuma ujaze pamba, bei ni ile ile, ilimradi usizidishe ratili 70, kama kilo 31 na ushee. Lile lenye alama ya APO linapunguzwa bei kidogo. Hata hivyo ni zaidi ya dola 20, na bei hupanda, kwa hiyo usije ukanitukana mwakani. Halafu kuna vifaa vya bure, maboksi, tepu na fomu, unaviagiza posta wanakuletea nyumbani kama una mtu jeshini. Hilo mimi sikulijua mwaka mzima. Mwaka mzima nanunua tepu.

Kuna kaka kaandika, "dola 20 kwako si kitu." Kaka yangu, dola 20 kwangu ni zaidi ya saa moja ya kumgeuza mzee wa watu kitandani saa tisa za usiku, na mzee mwenyewe ananiita kwa jina la mke wake wa kwanza. Hapo vilivyomo ndani ya boksi bado sijanunua. Kila mwezi natenga kama dola 80, na mwezi nikikosa, nakosa, hakuna boksi. Mwingine atakwambia anatumia 30 zikatosha. Sawa, kila mtu na mfuko wake.

Ila kinachonichosha mimi ni fomu kuliko hela. Wamesema ni sawa na ndani ya nchi, sivyo? Lakini ya forodha unajaza. Fomu yenyewe inaitwa 2976-R. Kila kitu ukiandike kwa Kiingereza, vingapi, uzito, thamani. Ukiandika "vyakula" tu, inarudi mkononi mwako. Haya, niambieni, ubuyu unauandikaje? Nimesimama dirishani, nyuma yangu foleni ya watu kumi, karani mama mtu mzima na miwani yake puani, ananyanyua ule mfuko mwekundu kwa vidole viwili kama ameshika mjusi.

"Hii ni nini?"

Nikamwambia pipi.

"Mbona ina mbegu?"

Nikamwambia ndiyo, ni pipi ya mbegu, unamung'unya halafu mbegu unatema. Akaniangalia. Kila namba ya posta ya jeshi ina orodha yake ya marufuku, na mbegu na mimea ni mambo yanayoulizwa sana. Nikaona nikibishana hapa nitamkosesha mtoto wa watu boksi zima. Nikautoa. Nikatoka nao nje, nikaula wote ndani ya gari pale pale maegeshoni, vidole vyekundu, ulimi mwekundu, na zamu nikaingia hivyo hivyo. Mzee wangu akaniuliza nani kanipiga.

Marufuku nyingine nazitaja haraka. Nyama ya nguruwe kwa anwani nyingi zilizo nchi za Kiislamu, hata ya kopo. Pombe, usijaribu, na yule aliyeuliza habari ya Konyagi kwenye chupa ya maji nimemuona, Mungu anamuona pia. Manukato, makopo ya kupuliza, betri zisizo ndani ya kifaa chake. Chokoleti hakuna anayeikataza, ila joto litamfikishia uji.

Ushauri wangu mkubwa, na huu nimeulipia: sabuni na chakula visikae boksi moja. Boksi la pili nilijiona mtaalamu. Visheti nimevipika mwenyewe, nimevipoza usiku kucha, nimevitia kwenye mifuko ya zipu, juu yake nikapanga soksi, pembeni sabuni za kuogea sita, zile zinazonukia. Boksi limekaa njiani siku 19. Kajibu ujumbe: "Dada visheti vimefika. Vitamu sana. Nikila natoa povu." Wenzake wakadhani ndivyo vinavyopikwa kwetu. Mmoja kamwambia vinakwenda vizuri na kahawa. Sasa hivi natuma majani ya chai, iliki, mdalasini, korosho, na pilipili ya unga, maana anasema chakula cha huko hakina ladha, mchele wanauchemsha kama wanamfulia mtu nguo. Visheti nampikia akirudi. Mtu wako anaweza akapenda kingine, muulize mwenyewe.

Wa sikukuu: msisubiri Desemba iingie. Tarehe za mwisho posta huzitangaza kila mwaka, na kwa anwani za jeshi huwa mwanzoni mwa Desemba, za njia ya polepole mapema Novemba. Na wale akina mama wa jumuiya yetu hapa Columbus waliotaka watoto waandike barua kwa "mwanajeshi yeyote," hiyo haipo tena tangu 2001, barua lazima iwe na jina la mtu. Wapo kina Operation Gratitude, shirika la hisani linalowatumia wanajeshi vifurushi, wao wanazipokea na kuzitia kwenye vifurushi vyao.

Hapa nitoke njiani kidogo, mnivumilie. Kati ya wanaoniandikia faragha, nusu hawana mtu jeshini. Wana mtu kwenye simu. Dada mmoja, mkoa sitautaja, anasema mchumba wake ni daktari wa jeshi la Marekani yuko Syria, kamtumia boksi la dola, limekwama forodhani, linataka milioni moja na laki mbili. Na picha kanitumia. Jibaba la kizungu na magwanda, linacheka, na mbwa. Dada yangu, mwanajeshi wa Marekani halipii likizo. Akipelekwa vitani halipii chakula kambini. Hana haja ya wewe kuuza mbuzi ndipo mzigo wake utoke. Jeshi lenyewe, idara yake ya upelelezi, inaonya habari hizi kila mara. Jirani yangu Mkenya mume wake alikuwa kwenye eneo la mapigano, barua zake zilikuwa zinafika hapa zimeandikwa tu FREE kwa mkono pale pa stempu, halipi hata senti. Sasa huyo wa kwako anadaiwa milioni ya nini? Nilipomwambia hivyo, dada kanijibu nina wivu kwa sababu mimi sina mzungu. Kaniblok. Ni sawa.

Haya, la mwisho, "walioko Tanzania watatumaje?" Mimi nasema tunavyofanya sisi. Mama hatumi boksi, anatuma barua kwa mgeni anayekuja huku, mimi naiingiza kwenye boksi langu. Mama hiyo njia haimwingii akilini. Anasema kama huko aliko ni karibu na Uarabuni, si nimpe mtu wa basi la Mombasa, hapo patabaki pafupi? Namwambia mama, hatujui kama ni Uarabuni. Anasema, "Basi mwambie mtu wa basi aulizie."

Picha ya barua nilijaribu. Mama kaandika, mpwa wangu kapiga picha, kanitumia WhatsApp, mimi nikaichapisha maktaba. Dogo kanuna. Anataka ile karatasi yenyewe, ya daftari la mistari, iliyochanwa upande mmoja ina meno. Barua za mama anaanza nazo kama walivyofundishwa shule miaka ya sitini: "Mimi mzima wa afya, hofu ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu." Halafu kurasa mbili ni habari ya jirani aliyehamisha mpaka wa kiwanja. Mambo ya vita hayaulizi kabisa. Kauliza tu kama huko kuna mtu wa kumkata kucha, kwa sababu dogo alikuwa anazing'ata.

Ile iliyokuja juzi, nimeifungua kuikagua, maana ni jina langu linalokaa kwenye fomu, ikadondoka noti ya elfu mbili. Ile yenye simba. Imekunjwa mara nne, na kikaratasi: "ya soda." Sasa noti anwani nyingi za jeshi haziruhusu, na mimi fomu nasaini kwamba nilichoandika ndicho kilichomo. Nikaitoa. Ipo kwenye droo hapa jikoni na risiti za posta. Mama kila akipiga simu anauliza, "Soda kanywa?" Namwambia bado, mama, anaitunza.

Haya, ngoja nilale kidogo, saa tano nakwenda kupanga foleni.