Kati ya Mkulima na Mlaji: Kuuelewa Uchumi wa India

Wazee wangu, shikamooni. Viongozi wa vyama vya ushirika, walimu, wanafunzi, habari za mchana.

Nimeombwa nizungumzie uchumi wa India, na nafahamu kwamba hapa Lindi swali hilo lina jina moja: mbaazi. Agosti 2017 serikali ya India ilitangaza kuwa mbaazi zitakazoingia kutoka nje zisizidi tani 200,000 kwa mwaka. Wakati huo mavuno yetu yalikuwa yanatoka shambani, kuanzia huku kusini mpaka Babati kule kaskazini. Bei iliyokuwa imezidi shilingi 2,000 kwa kilo ikaporomoka hadi mia chache tu. Magunia yakalala ndani ya nyumba, na madeni ya pembejeo yakabaki palepale. Nimeulizwa mara nyingi na wakulima: tuliwakosea nini Wahindi? Hatukuwakosea kitu. Uamuzi ule ulikuwa na chanzo chake kwao, na leo nataka tukifuate chanzo hicho mpaka mwisho, kwa sababu anayekielewa ameuelewa uchumi wa India vizuri kuliko aliyekariri takwimu za pato la taifa.

Tuanze na watu. India ina watu zaidi ya bilioni 1.4, na mwaka 2023, kwa hesabu za Umoja wa Mataifa, iliipita China. Habari tunazozisikia zaidi ni za Bengaluru, za programu za kompyuta na za vijana wanaofanyia kazi kampuni za Marekani wakiwa kwao. Ni kweli, na ni fahari yao. Lakini sekta nzima ile imeajiri watu wapatao milioni tano, katika nchi yenye wafanyakazi zaidi ya nusu bilioni. Karibu nusu ya wafanyakazi wa India bado wako kwenye kilimo, na kilimo hicho kinaleta chini ya moja ya tano ya pato la taifa. Piga hesabu hiyo taratibu. Maana yake ni kwamba mtu wa shambani anazalisha kama robo tu ya kile anachozalisha mwenzake aliye nje ya kilimo. Hapo ndipo penye mzigo wote wa India, na mwanasiasa yeyote wa kule analala na kuamka nao.

Mtu atauliza kwa nini hawakwenda viwandani kama Wachina. Baada ya uhuru wa 1947, na hasa tangu mpango wa kwanza wa miaka mitano wa 1951, serikali iliamua nani azalishe nini na kwa kiasi gani. Kupanua kiwanda kulihitaji kibali. Zaidi ya bidhaa 800 zilitengewa viwanda vidogo, kwa hiyo hata aliyeweza kujenga kiwanda kikubwa cha kuajiri maelfu alizuiwa. Sheria za kazi nazo zikawafanya wenye viwanda wahofie kuvuka wafanyakazi mia moja, maana kuanzia hapo kumpunguza mtu kulihitaji ruhusa ya serikali. Mwaka 1991 akiba ya fedha za kigeni ikabaki ya kuagiza bidhaa kwa wiki chache tu, na nchi ikasafirisha dhahabu yake kwenda nje kama dhamana ya mkopo. Waziri Mkuu Narasimha Rao na waziri wake wa fedha, Manmohan Singh, wakaishusha thamani ya rupia na kufuta sehemu kubwa ya vibali. Uchumi ukakua kwa kasi, lakini uliokua zaidi ni wa huduma: benki, simu, kompyuta, biashara. Viwanda vimebaki kwenye asilimia 15 hadi 17 ya pato kwa miongo mingi. Na huduma zenye mshahara mzuri zinataka cheti. Mwana wa mkulima wa jimbo la Bihar aliyeishia shule ya msingi anaenda Mumbai kubeba zege, au anabaki kwenye nusu hekta ya baba yake.

Sasa tuje kwenye chakula, na hapa nitakaa kidogo.

Mwaka 1965 na 1966 mvua ziliwakatalia. India ikaishi kwa ngano ya meli za Marekani, na Washington ikaitumia ngano ile kuwabana kisiasa. Kizazi kile cha viongozi hakikuisahau fedheha hiyo. Walileta mbegu fupi za ngano, mbolea na visima, hasa katika majimbo ya Punjab na Haryana, na wakalitumia Shirika la Chakula la India, lililoundwa mwaka 1965, kununua nafaka kwa bei isiyopungua ile iliyotangazwa na serikali. Mkulima akaambiwa: lima, bei yako ipo, mnunuzi wako yupo.

Fikiria soko la nafaka la Punjab mwezi Aprili, wanaloliita mandi. Matrekta yanaingia na matela ya ngano, inamwagwa sakafuni, lundo kando ya lundo. Vibarua, wengi wao kutoka Bihar, wanapepeta na kujaza magunia ya kilo 50. Ofisa wa serikali anapita na kifaa cha kupima unyevu, na ukizidi kiwango, mwenye mzigo anaambiwa aanike asubiri, hata kama ni siku tatu akilala juu ya ngano yake. Katikati yao yupo dalali, arhtiya, ambaye hupata kamisheni. Huyu si dalali tu. Ndiye aliyemkopesha mkulima hela ya mbegu, ya dizeli na ya harusi ya binti. Wenzangu mnaoijua kangomba ya korosho, ile ya kumkopesha mkulima na kuchukua mazao yake kwa bei ya chini, hamhitaji maelezo zaidi. Kwa miaka mingi malipo ya serikali yalipitia mikononi mwake, na ni mwaka 2021 tu ndipo Punjab ilipoanza kumlipa mkulima moja kwa moja benki.

Ngano ile inaenda ghalani, kisha kwenye maduka ya bei ya serikali nchi nzima. Sheria ya 2013 iliwapa theluthi mbili ya wananchi haki ya kilo tano za nafaka kwa mwezi kila mmoja, na tangu Januari 2023 nafaka hiyo ni bure. Ni watu wapatao milioni 800. Mama anafika dukani, anaweka kidole kwenye kimashine, namba yake ya utambulisho inathibitishwa, anapimiwa. Kidole kikikataa kwa sababu mikono imechakaa kwa kazi, anarudishwa nyumbani akajaribu siku nyingine. Hilo linaniuma kila ninapolisikia, maana mikono iliyochakaa ndiyo hasa ya watu waliokusudiwa na sheria ile.

Kwa hiyo serikali ya India imesimama kati ya watu wawili. Mmoja anauza chakula na anataka bei ipande, mwingine anakila na anataka ishuke. Wote ni mamilioni kwa mamilioni, wote wanapiga kura, na mara nyingi ni mtu yuleyule, kwa kuwa mkulima mdogo huuza mavuno na miezi michache baadaye ananunua chakula. Kwa ngano na mchele, hazina inalipa tofauti. Nunua ghali, gawa bure. Kwa mbaazi, choroko na dengu haiwezi kufanya hivyo kwa kiasi hicho. Serikali hutangaza bei, lakini hununua sehemu ndogo tu ya mazao. Kinachobaki mkononi mwake ni mpaka: kuufungua au kuufunga.

Sasa fuateni mwendo wenyewe. Mwishoni mwa 2015, baada ya ukame, mbaazi ilifika kama rupia 200 kwa kilo mijini, na mbaazi kwao ni kitoweo cha kila siku, protini ya mtu asiyekula nyama. Kelele zikawa nyingi. Serikali ikawahimiza wakulima walime, ikapandisha bei yake hadi rupia 5,050 kwa kilo 100, na ikaacha milango wazi kwa mbaazi za nje. Sisi nasi tukaongeza ekari. Mwaka 2016 mvua zikanyesha vizuri, mavuno yakavunja rekodi, na bei sokoni ikashuka chini ya ile ya serikali. Wakulima wakaingia barabarani. Juni 2017 huko Mandsaur, Madhya Pradesh, polisi waliwafyatulia risasi waandamanaji na wakulima kadhaa wakauawa. Miezi miwili baadaye mlango ukafungwa, na maumivu yaliyokuwa ya mkulima wa Madhya Pradesh yakahamia kwa mkulima wa Nachingwea.

Julai 2023 upande wa pili, wa mlaji, ukashinda. Bei ya mchele ilipanda, uchaguzi wa 2024 ulikuwa unakaribia, wakazuia kuuza nje mchele mweupe wa kawaida. India inauza karibu asilimia 40 ya mchele wa biashara ya dunia, kwa hiyo bei zikapanda Dakar, Manila, na katika miji yetu ya Afrika Mashariki inayokula mchele wao. Zuio liliondolewa Septemba 2024. Nawaambia wanafunzi wangu wasione hapo serikali isiyo na msimamo. Msimamo wao ni uleule tangu meli zile za ngano. Wanaotaka kuubadilisha wanaumia: sheria tatu za soko la mazao za 2020 ziliwaleta wakulima wa Punjab na Haryana kupiga kambi kwenye mipaka ya Delhi kwa mwaka mzima, na Novemba 2021 zikafutwa.

Sisemi tuwaige. Maji ya ardhini ya Punjab yanazidi kushuka kwa sababu mpunga unalimwa mahali pasipo na mvua yake, kwa kuwa tu una bei ya uhakika. Lakini tunaweza kuwasoma, na wao hawajifichi. Kila msimu wa mvua zao, wizara yao ya kilimo hutangaza karibu kila wiki ni hekta ngapi zimepandwa mbaazi. Bei ya serikali kwa mazao ya msimu huo kwa kawaida hutangazwa kabla au mwanzoni mwa upandaji, na kwa 2025/26 walitangaza rupia 8,000 kwa kilo 100. Mbaazi zetu huanza kutoka Agosti, zao huvunwa kuanzia Desemba, na dirisha letu ni miezi hiyo ya katikati. Mlango ulifunguliwa tena Mei 2021, na muda wake umeongezwa mara kadhaa.

Naomba kila chama cha msingi hapa kiwe na mtu mmoja, kijana mwenye simu, wa kufuatilia mambo matatu: mvua zao za Juni na Julai, hekta walizopanda, na bei ya mandi ikilinganishwa na bei ya serikali. Mvua zikiwa nzuri, hekta zikiongezeka na bei ya mandi ikiwa chini ya ile ya serikali, habari hiyo iwafikie wakulima kabla hawajapeleka mzigo ghalani, na kabla mtu hajakopa kwa ajili ya msimu unaofuata. Sasa nipokee maswali, tuanze na akina mama waliokaa upande wa dirishani.