Kuezeka upya nyumba ya pwani ili kusi isiondoke na paa

Assalaam alaykum. Leo tupo Makunduchi, kusini mwa Unguja, nyumba ya tatu kutoka pwani, na hilo vumi mnalolisikia ni bahari, simu zenu hazina ubaya. Anayeshika kamera ni mtoto wa dada yangu. Nimemwambia asogee karibu kila nitakapomwita, kwa sababu kazi ya leo imo katika vitu vidogo vidogo.

Kuna jambo moja nitalirudia mpaka mnichoke: mpira wa skrubu, ile pete iliyo chini ya kichwa chake, usiukamue. Bado hatujafika huko, lakini lishikeni tangu sasa.

Kwanza wakati. Tumengoja mpaka Septemba makusudi. Kusi, upepo mkali wa kutoka kusini, ukivuma Juni, Julai na Agosti, usipande juu na bati la futi kumi mkononi. Bati hilo ni tanga, na wewe utakuwa ndiyo mlingoti. Ukichelewa mpaka vuli, mvua itakukuta nyumba iko wazi. Hapa katikati, demani, upepo umelegea, asubuhi panapita matlai tu, upepo wa mashariki. Wapo wanaongoja kaskazi, Januari na Februari, na wao wana haki yao, kukavu. Mimi wakati ule bati linanichoma viganja, kwa hiyo napenda demani.

Kuezua sitokaa sana. Kofia ya kileleni kwanza, halafu mabati, kutoka juu kwenda chini. Vaa glavu. Ezua upande mmoja kwa siku, na turubai liwe tayari na kamba zake. Ndiyo hayo.

Ila hebu, mwanangu, leta kamera hapa. Tazameni msumari huu wa zamani. Kichwa kimeliwa na chumvi, kimebaki kama ganda la dagaa. Sasa angalieni bati lenyewe: katikati zima, linang'ara. Lakini hapa palipokaa msumari, tundu limekuwa refu, kidole kinapita. Msumari ulilegea, bati likaanza kucheza na upepo, usiku kucha linagonga, na kila likigonga linajitanua tundu. Paa la pwani linaanza kuondoka hivi, kwa tundu moja. Mwenye nyumba ananiambia alikuwa akilisikia linagonga tangu mwaka juzi. Ukilisikia bati lako linagonga, usigeuke upande wa pili ukalala. Kesho yake panda.

Haya, upande wa kwanza tumeshaufungua, sasa tunaingia... Subiri. Usizime, acha irikodi. Mnaona hapa juu ya ukuta? Hii ndiyo mbati, ubao unaolala juu ya ukuta na kubeba kenchi zote, yale mapembe ya mbao yanayobeba paa. Nimeigusa kwa patasi, patasi imezama. Mchwa. Kwa nje rangi nzuri, ndani unga mtupu. Urefu wake... kama hatua nne. Tulipanga leo mchana tuwe tunapiga papi, zile mbao za juu ya kenchi zinazoshika bati, haiwezekani tena. Bi mkubwa mwenye nyumba nimemwita, ameona kwa macho yake, na tumekubaliana: kipande hiki chote kinatoka. Fundi akikwambia "tutaipiga bati juu yake haitoonekana", mshukuru, umlipe siku yake, aende zake. Ubao mpya utiwe dawa ya mchwa pande zote, na zaidi kwenye ncha ulizozikata, kwa sababu ukikata mbao ya dawa, pale ulipokata hapana dawa tena.

Tumerudi, ni siku ya pili. Mbati mpya ipo. Na kweli nashukuru lilitokea, maana sasa naweza kuwaonyesha kitu ambacho kwenye nyumba nyingi kimefichika.

Watu wengi wanadhani upepo unaliangusha paa, unalisukuma. Upepo unalinyanyua. Ukipita juu ya paa kwa kasi, unalivuta kwenda juu, na unavuta zaidi ukingoni, pembeni na kwenye kilele. Na kama dirisha la upande wa upepo limeachwa wazi, upepo unaingia ndani na kulisukuma kutoka chini pia. Aliyewahi kukaa kwenye ngalawa anajua: tanga likishajaa, kinachokuokoa ni kamba. Basi paa nalo linataka kamba zake. Bati lishikwe na papi, papi ishikwe na kenchi, kenchi ishikwe na mbati, mbati ishikwe na ukuta. Kiungo kimoja kikiwa kibovu, vyote vya juu yake vinaondoka pamoja. Nimeona paa zima limelala kwenye shamba la muhogo, mabati yote yamekaa vizuri kwenye papi zake, hata moja halijang'oka. Bati lilishikwa. Kenchi hazikushikwa na ukuta.

Nyumba mpya ni rahisi: wakati wa kumwaga lenta, ule mkanda wa zege wa juu ya ukuta, acha nondo za milimita nane zimetokeza juu, halafu unazikunja juu ya mbati. Nyumba hii lenta inayo, nondo hazikuachwa. Kwa hiyo tumetoboa lenta ubavuni, tukapitisha bolti, na bolti imeshika ukanda wa chuma wa mabati mazito. Ukanda unapanda, unapita juu ya kenchi, unashuka upande wa pili, nao unafungwa kwa bolti. Kila kenchi na ukanda wake, usiruke hata moja. Msumari mmoja uliopigwa mshazari kutoka kenchi kwenda kwenye mbati hautoshi, unachomoka kama jino bovu. Na kama nyumba yako ni ya zamani, mawe na udongo, haina lenta kabisa, mwage mkanda wa zege juu ya ukuta kwanza. Ni gharama, najua. Lakini bila hivyo ukanda huna pa kuufunga.

Visiwa vyetu vimbunga havivijii kila mwaka, alhamdulillah, na ndiyo maana tunajisahau. Aprili 1872, zama za Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar, kimbunga kiliipiga Unguja kikalaza mikarafuu na minazi, na merikebu bandarini zikaangamia. Pemba ikasalimika kwa kiasi kikubwa, ndiyo tokea hapo ikawa mama wa karafuu. Na juzi tu, Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokuja upande wa Mafia, nani hapa hakutazama juu kulitazama paa lake? Mimi usiku ule sikulala, nilikuwa nahesabu nyumba nilizoezeka, moja moja.

Papi. Mnajua kupiga papi. Hatua kutoka papi hadi papi isizidi sentimita 90, na ukingoni na kileleni ziweke karibu zaidi, sentimita 60. Tunaendelea.

Bati. Namba ya geji ikiwa ndogo, bati ni nene. Geji 28 ni nene kuliko 30, na 30 ni nene kuliko 32. Karibu na bahari mimi sitii bati jembamba kuliko geji 28, na nikipata lenye alumini na zinki pamoja, ndilo nalipenda, linavumilia chumvi. Kukata, tumia mkasi wa bati. Grainda iache. Cheche zake zinaunguza ngozi ya bati, na vumbi lake la chuma likibaki juu, likipata umande wa usiku mmoja, asubuhi una madoa ya kutu kwenye bati jipya. Nawaonyesha hili hapa la jirani, limekatwa kwa grainda mwaka jana. Ukingo wote mwekundu.

Unaanzia wapi kulaza? Anza mwisho wa nyumba ulio mbali na upepo, ukienda kuukabili upepo. Hapa upepo mbaya ni kusi, basi bati la kwanza limelala upande wa kaskazini na tunakwenda kusini. Kila bati jipya linapanda juu ya mgongo wa mwenzake, na mdomo wa kiungo unaupa kusi kisogo. Ukianza kinyume, upepo unapata mdomo wa kuingiza kidole. Ubavuni lipandishe migongo miwili, na mabati mawili yakipokezana kwa urefu, la juu lilipande la chini kwa sentimita 20.

Bati la kwanza vuta uzi, upime pembe. Likienda upande kidogo, la kumi litakuwa limetoka kabisa. Bati lisitokeze nje ya papi ya mwisho zaidi ya sentimita tano, na upenu wenyewe usipite sentimita 45. Upenu mrefu una kivuli kizuri, nakubali. Lakini ndio mkono upepo unaoushika.

Sasa tumefika. Mwanangu, njoo karibu, karibu zaidi, nataka mpira uonekane.

Skrubu inaingia juu ya mgongo wa bati, bondeni hapana. Maji yanapita bondeni. Toboa kwanza, skrubu iingie wima. Kaza... kaza... sasa acha. Mnaona mpira? Umelala, umeshika, umetanuka kidogo tu, unalingana na kofia yake ya chuma. Hapo basi. Sasa natia ya pili makosa, makusudi. Tazameni. Nimezidisha nusu mzunguko tu. Mpira umechomoza pembeni kama jibini lililobanwa, na mgongo wa bati umezama, umefanya kisahani. Kisahani kile kinakusanya maji, na mpira uliokamuliwa jua linaupasua haraka. Na ikilegea je? Hii hapa: mpira unazunguka kwa kidole. Maji yanaingia siku ya kwanza. Zote mbili ni mbaya, lakini ya kukaza kupita kiasi ni mbaya zaidi, kwa sababu inakwenda vizuri mwaka mzima ukidhani umeweza.

Nasema kwa uchungu. Nyumba ya mama yangu mdogo niliiezeka peke yangu, mashine mpya, nguvu mpya, nikazikaza skrubu zote mpaka mwisho nikaona nimefanya kazi ya kiume. Masika ya kwanza salama. Masika ya pili, mama mdogo alikuwa anahamisha kitanda kutoka pembe hadi pembe, na hakuniambia, kwa kunionea haya. Nilikuja kujua kwa kuona ndoo tatu chumbani. Nilizing'oa zote, moja moja, siku nne. Kwa hiyo mashine yako iteremshe nguvu, na mzunguko wa mwisho umalize kwa mkono. Mpira usiukamue.

Kwenye ukingo, kwenye kilele na kwenye mabati ya pembeni: skrubu kila mgongo. Papi za katikati: ruka mmoja, piga mmoja. Usibane matumizi ukingoni, kule ndiko upepo unakovuta. Ukikosa skrubu kabisa ukatumia misumari ya bati, iwe mirefu itokeze chini ya papi, uipinde ncha. Skrubu na mipira ninauza pale kwangu njiani, zile zilizochovywa zinki nzito. Zipo za rangi ya dhahabu zinazong'ara, bei nafuu, hizo kwangu huzikuti. Kwa bahari hii hazitimizi miaka miwili.

Hapo nimeletewa chai na mkate wa kumimina, tunapumzika kidogo.

Kofia ya kileleni. Shusha sentimita 15 kila upande, kiungo nacho kiupe upepo kisogo, skrubu kila mgongo. Na... jamani, kijana wa upande ule, simama! Sauti ya mashine hiyo naijua, umezidisha. Njoo na kamera. Eeh, tazama. Tatu zimekamuliwa. Zitoe, tia mipira mipya, na kama tundu limetanuka tumia skrubu nene zaidi. Hakuna ubaya mwanangu, lakini masikio yako nayo yafanye kazi: mashine inabadilisha sauti kabla mpira haujatoka.

Baraza. Bi mkubwa anataka baraza lake lirudi, na lazima lirudi, jioni watu watakaa wapi? Lakini paa la baraza halijaunganishwa na la nyumba. Lina nguzo zake, kenchi zake, limeanzia chini ya upenu. Baraza halina ukuta mbele, upepo ukiingia chini yake unalibeba. Likiondoka, liondoke peke yake, lisilivute paa la chumba cha kulala.

Mwisho, fagia vumbi lote la chuma na skrubu zilizodondoka juu. Kisha ingia ndani mchana, funga milango na madirisha, ngoja macho yazoee kiza. Penye tundu patajionyesha kwa nuru. Halafu maji. Mmoja anamwaga juu ndoo kwa ndoo, kuanzia ukingoni kupanda kileleni, mwengine yuko ndani. Ukianzia juu, maji yatapita kote na hutojua yameingilia wapi.

Mwaga. Kavu. Panda kidogo. Kavu. Panda. Mwaga tena hapo hapo... Pana tone. Lione, linateremka na papi. Mstari wa tatu, skrubu ya pili kutoka pembeni. Ni yangu mimi, kijana hakufika upande huu. Nimeitoa: mpira una ufa, ulikuja hivyo kwenye pakiti na sikuutazama. Natia mpya, nakaza kwa mkono. Mwaga.

Mwaga nyengine.

Kavu.