Betri nyepesi na asubuhi ya baridi

Haya jamani, wale wa nyuma sogeeni, hizi betri mbili nimezileta mzishike wenyewe. Hii ya risasi na asidi ni kilo 18, hii ya lithiamu haifiki 6, unaibeba kwa mkono mmoja. Kwa gari ya mbio hizo kilo 12 ni nyingi mno, watu wanalipa hela ya maana kupunguza hata kilo mbili, kwa hiyo anayeitaka namwelewa kabisa.

Ila sikilizeni hii. Mwisho wa mwaka 2009 Porsche walitangaza betri ya lithiamu ya gari yao ya mbio ya 911 GT3, chini ya kilo 6, na mteja akiinunua anapewa na ile ya kawaida pia, kwa sababu kwenye baridi ya chini ya sifuri ile nyepesi ilikuwa na shida kuwasha injini. Yaani wenye gari yao wenyewe wamekwambia ukweli, sasa wewe unanunuaje kwa kuangalia mzani tu?

Baridi inabana pande mbili kwa mpigo, oili inakuwa nzito stata inataka umeme mwingi, na humo ndani ya betri kemikali zimezubaa. Ndiyo maana kwenye lebo tafuta CCA kwanza, hizo ni ampea ambazo betri inatoa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri kwa sekunde 30 bila kushuka chini ya volti 7.2. Na kuna mtego, betri nyingi za lithiamu zimeandikwa "sawa na" ampea-saa 60, yaani kiasi cha umeme kilichohifadhiwa, kumbe ndani kuna kama 20 hivi, stata itazungusha vizuri tu lakini ukisahau taa usiku asubuhi huna kitu.

Kitu kingine ambacho mimi nakisisitiza sana ni chaji. Lithiamu ikichajiwa kwa nguvu ikiwa imeganda, chini ya sifuri, madini yake yanajipaka kwenye upande hasi badala ya kuingia ndani, na uharibifu huo haurudi, kwa hiyo muulize muuzaji kama ina saketi ya kuizuia, akibabaika achana nayo, na upime alteneta yako isipitishe volti 14.6.

Kama gari inalala nje kwenye theluji na ndiyo inakupeleka kazini kila siku, mimi nakwambia chukua AGM, yaani betri ya risasi ambayo asidi yake imenyonywa kwenye mikeka ya nyuzi za kioo, uzito utaubeba. Lithiamu weka kwenye gari ya wikiendi.

Na ukishaiweka usikimbilie stata. Washa taa kubwa dakika mbili tatu, betri inajipasha yenyewe kwa huo umeme unaotoka, mzungusho wa kwanza ukiwa mzito subiri kidogo, wa pili unakuja na nguvu. Hii hapa ya lithiamu imelala kwenye friza usiku kucha, mita iko kwenye vichwa vyake, naunga taa sasa, angalieni volti zinashuka... subirini... mmeona, zinaanza kupanda.