Mtemi wa Milimita Ishirini na Nane

DADA: Mwadila, wasikilizaji wetu. Tuko Kirumba, Mwanza, na hizo injini mnazosikia kwa nyuma ni mitumbwi inaingia Mwaloni. Kaka, hicho kisanamu cha plastiki ulicholeta mezani mimi naona mtemi kabisa. Lakini najua kwenye boksi hakikuwa mtemi.

KAKA: Alikuwa jemadari wa Kizungu, dada. Deraya mwili mzima, upanga juu. Kwenye hivi vita vya mezani, mchezo wa kupambanisha majeshi ya visanamu, kiongozi wa jeshi lazima mpinzani amtambue akiwa amekaa upande wa pili wa meza, na kimo chake ni kama milimita 28 tu.

DADA: Ulianzia wapi?

KAKA: Begani. Wengi huanza kwa kuongeza: mapembe, mafuvu, minyororo. Mimi nilikata kwanza. Anayeinua upanga ni mpiganaji, wako wengi jeshini. Mtemi anasimama, watu wanamtazama yeye. Kwa hiyo mkono nimeushusha, umeshika mkuki, na mguu mmoja uko juu ya jiwe.

DADA: Na mkono hautang'oka?

KAKA: Gundi ya plastiki inayeyusha pande zote mbili, zinashikana zikawa kitu kimoja. Ila mkono unaobeba mkuki utagongwa sana mchezoni. Nikatoboa tundu la milimita moja kila upande, nikapitisha kipande cha waya wa klipu ya karatasi, nikamalizia na supagluu. Mkuki nao ni waya huohuo, ncha nimeiponda kwa nyundo.

DADA: Hili shuka sasa. Limeanguka kama kitambaa kweli.

KAKA: Udongo wa epoksi. Unakuja vipande viwili, njano na bluu. Unachukua sawa kwa sawa, unakanda kama unga wa chapati mpaka uwe kijani kimoja. Hapo una saa moja na kidogo kabla haujaanza kukaza. Kifaa chako kiloweshe maji kila mara, la sivyo udongo unakifuata. Shuka hilo nililirudia mara tatu! Mara mbili za kwanza mikunjo ilikuwa imelala sawasawa, na kitambaa hakilali hivyo. Nikachukua khanga ya mama, nikaitundika begani, nikaitazama.

DADA: Na ngoma nyuma yake?

KAKA: Nilikwenda Bujora, Makumbusho ya Wasukuma pale Kisesa. Nilipoziona zile ngoma za watemi nikajua huyu hawezi kusimama bila ngoma. Nimeichonga kwenye ile fremu ya plastiki inayobaki ukishabandua vipande.

DADA: Tuje kwenye ngozi, maana hapo mimi nimeteseka. Kila nikipaka mtu mweusi anatoka amepauka.

KAKA: Kwa sababu unaongeza nyeupe kwenye mwanga. Ngozi yetu ikipigwa na jua inang'aa kwa wekundu na udhahabu. Anza na kahawia iliyoiva, kwenye mabonde, yaani sehemu zilizobonyea, weka zambarau nyembamba, kwenye paji la uso na mashavu panda na kahawia nyekundu, kisha tone la njano ya udongo. Na rangi ichanganywe na maji, tabaka mbili nyepesi, ya kwanza ikauke kabisa. Ukipaka nzito unazika pua na midomo uliyoinunua.

DADA: Jamani! Kumbe ni hivyo.

KAKA: Jambo lingine ni la sisi wa ziwani. Usiku nilipaka dirisha likiwa wazi na taa imewaka. Wale wadudu wadogo wanaoinuka ziwani kama moshi wakaingia, wakanasa kwenye shuka bichi. Nikawatoa kwa sindano, mmoja mmoja, nikapaka shuka upya. Siku hizi nafunga dirisha. Na vanishi ya kupuliza siigusi mvua ikinyesha, unyevu unaifanya iache ukungu mweupe. Napaka kwa brashi.

DADA: Jiwe alilokanyaga umelipaka vizuri mno.

KAKA: Hilo sikulipaka. Ni chembe ya jiwe lenyewe, nimeiokota Capri Point.

DADA: Basi Jumamosi njoo naye. Askari wangu 20 wameshapakwa wote, hawana wa kuwaongoza.